Pikapu yako imezeeka, imechakaa au imeoza?

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, gereji za Mtwara mjini hujaa pikapu. Zinatoka Nanyamba, Kitere, Mikindani. Nyingine zimeburutwa kwa kamba kutoka mbali zaidi. Wenyewe wamekaa kwenye benchi chini ya mwembe, na swali lao ni lilelile: "Fundi, hili gari linatibika, au nitafute lingine?" Fundi anajibu kifundi, maana riziki yake ni kutengeneza. Dalali aliyejisogeza karibu anajibu kidalali, maana riziki yake ni kuuza. Shemeji aliyeagiza gari Japani mwaka jana naye ana lake. Mwenye pikapu anarudi nyumbani na majibu matatu yasiyopatana.

Benchi hilo nimelikalia sana, na pesa yangu imelala pale pia. Ilinichukua muda kugundua kwamba watu wale hawabishani juu ya jambo moja. Huyu anazungumzia miaka ya gari, yule anazungumzia injini, mwingine bei, lakini wote wanatumia neno moja: limechoka. Neno hilo limebeba mambo matatu, na kila moja lina dawa yake.

Kuzeeka ni miaka tu. Pikapu iliyotoka kiwandani mwaka 1998 imezeeka, hata kama ililala chini ya turubai muda wote huo. Uzee peke yake hauli pesa nyingi; mipira hukauka, nyaya hupasuka ngozi, viti huisha sponji.

Kuchakaa ni vyuma na mipira kulika kwa kusagana: breki, klachi, bushi, bolijointi, shokapu, ringi za pistoni ndani ya injini. Hapa dawa ni spea. Kilicholika unakitoa, unaweka kingine, kazi inaendelea.

Kuoza ni kitu kingine kabisa. Ni kutu kula chuma kinachobeba gari zima, hasa chesisi, ile fremu ndefu iliyolala chini ambayo injini, kebini na bodi la nyuma vyote vimefungwa juu yake. Chesisi haiuzwi dukani kama pedi za breki. Hata ukiipata ya mtumba, kuibadilisha ni kulivua gari zima na kulivisha upya, na namba ya chesisi ndiyo utambulisho wa gari kwenye kadi, kwa hiyo unajitafutia na maswali ya kisheria.

Mkulima wa Tandahimba haya anayajua kwa mkorosho. Mti ukipunguza kuzaa, haulaani kwa sababu ni wa babu yake. Anaangalia shina na mizizi. Shina likiwa na afya, anaweza kuukata na kuubebesha, yaani kuupandikiza, vikonyo vya aina bora, kazi ambayo wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wameifundisha miaka mingi, na mizizi ileile ya zamani inalisha matawi mapya. Shina likiwa limeoza, kubebesha ni kupoteza vikonyo. Hapo anang'oa, anapanda mche, na anajua atakaa kama miaka mitatu kabla ya kuokota cha maana.

Kwenye pikapu, shina ni chesisi. Injini, ambayo sisi sote tunaiita moyo wa gari na kuihangaikia usiku, ni tawi.

Namba E si cheti cha ujana

Kabla sijaenda chini ya gari, niondoe kwanza dhana moja inayopotosha watu hata wenye akili zao. Tumezoea kupima umri wa gari kwa herufi za namba: hili ni namba B, zee, lile ni namba E, jipya. Herufi zile zinaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Pikapu iliyotengenezwa mwaka 2001, ikabeba mbao Japani zaidi ya miaka ishirini, ikashushwa bandarini juzi, itapewa namba E na kung'arishwa matairi. Pikapu ya namba B iliyonunuliwa mpya dukani na mradi fulani inaweza kuwa ndogo yake kwa miaka kadhaa. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Soma kadi, usisome bamba.

Na kilometa za kwenye dashibodi usizitegemee sana, zinarudishwa nyuma. Mimi hutazama mpira wa pedali ya klachi. Gari lenye kilometa 80,000 halina pedali iliyolika mpaka chuma kinaonekana.

Bahari inakula taratibu

Wenzetu wa Dodoma na Singida wanaweza kuendesha pikapu miaka thelathini wasijue kutu ya maana. Sisi wa pwani tunajua. Kutu inahitaji maji na hewa, lakini chumvi ndiyo inayoipa mbio, kwa sababu maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji baridi, na kutu ni kazi ya umeme mdogomdogo unaotembea ndani ya chuma. Upepo wa Shangani una chumvi. Mchanga wa ufukwe wa Msimbati, ambao vijana wanapenda kupita juu yake na gari, una chumvi. Anayebeba chumvi yenyewe kutoka mashamba ya Lindi anaijua habari.

Mbaya kuliko wote ni sisi wabeba samaki. Barafu inayeyuka, maji ya samaki yanapita kwenye matundu ya bodi la nyuma, yanadondokea kwenye chesisi na kuingia ndani yake, maana chesisi nyingi zina uwazi ndani kama bomba la pembe nne. Nje unapaka rangi nyeusi kila mwaka na kujisifu. Ndani hakuna anayepaka, na kutu inaanzia huko.

Ndivyo ilivyonipata. Nilikuwa na Hilux yenye injini ya 3L, dizeli isiyo na makuu, na ilipoanza kutoa moshi nikaamua kuifufua. Injini ikafunguliwa yote, ringi mpya, beringi mpya, nozeli za kupuliza dizeli zikapimwa. Ikawaka kama mpya, na mimi nikatembea mjini kifua mbele. Miezi mitano baadaye, nikiwa na mzigo wa samaki, nikasikia mlio kama mtu amevunja kuni nyuma yangu, na gari likakaa upande. Chesisi ilikuwa imekatika pale inaposhika hanga, kile chuma cha kufungia springi ya nyuma. Nilipochungulia, chuma kilikuwa kimebaki unene wa kopo la maziwa. Hakuna fundi aliyenidanganya. Mimi ndiye niliyesema "angalia injini", naye akaangalia injini.

Tangu hapo utaratibu wangu unaanzia chini. Nyundo ndogo, tochi, na nguo ambayo mama watoto amekwisha ikataa. Lala chini ya gari na ugonge chesisi taratibu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali na nyundo inarudi mkononi. Kilichooza kinatoa sauti ya bubu, na magamba yanadondoka usoni. Tumia muda zaidi kwenye hanga za springi, pale chesisi inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, na kwenye viungo vilivyochomelewa. Kutu ya juujuu, ile ya rangi ya chungwa unayoifuta kwa msasa ukakuta chuma kigumu, isikutishe. Kutu inayotoka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu, ndiyo ya kuogopa.

Watu huuliza: si inachomelewa? Inachomelewa, kama sehemu iliyooza ni ndogo na chuma kinachoizunguka bado ni kinene, na kama mchomeleaji anakata kilichooza chote na kuweka bamba lenye unene wa kutosha. Kinachofanyika mara nyingi ni kubandika kipande juu ya kutu. Huko ni kushona kiraka cha kanga mpya juu ya kanga iliyooza: uzi unashika, kitambaa pembeni kinachanika. Kama nyundo imekuonyesha sehemu tatu au nne mbovu, acha kusoma habari za injini. Gari hilo limefika mwisho wa kubeba watu na mizigo, hata kama injini inaimba.

Na kabla hujakimbilia gari la Japani ukidhani umeikimbia kutu: Japani nayo ina chumvi. Mikoa yake yenye theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na magari ya huko hufika kwetu chini yake pakiwa pameshaanza kuliwa. Ukiona gari la mtumba limepigwa rangi nyeusi mbichi tumboni, chukua ile nyundo.

Injini haifi kirahisi

Chesisi ikiwa nzima, sasa injini. Huku ndiko pesa nyingi inakotupwa bila sababu, kwa sababu tunaipima kwa hofu.

Moshi una lugha yake. Wa buluu ni oili inayoungua, maana yake ringi au sili za valvu zimelika. Mweusi kwenye dizeli ni mafuta yasiyoungua yote. Mara nyingi ni nozeli, pampu, au chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara ya Newala, na hayo hayahitaji kufungua injini. Mweupe wa asubuhi unaoisha injini ikipata moto usikusumbue sana. Mweupe usioisha, huku maji ya rejeta yanapungua na hakuna panapovuja, ni maji yanayoingia ndani, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi.

Kuna usemi kwamba injini ikianza kula oili imekufa. Haijafa, imechakaa. Pikapu inayokula lita moja ya oili kila kilometa elfu moja inaweza kufanya kazi msimu mzima, mradi mwenyewe anapima oili kila asubuhi na kuongeza. Piga hesabu ya lita hizo kwa mwaka, uilinganishe na gharama ya kufungua injini. Wakati mwingine oili ni nafuu kwa mbali. Kinachoiua injini ya namna hiyo ni mwenyewe kusahau kupima, oili ikaisha njiani, injini ikanoki.

Muuaji wa pili ni joto. Rejeta iliyoziba au feni mbovu ni tatizo dogo. Dereva akiona mshale umepanda na kusema "nifike kwanza Mingoyo", tatizo dogo linakuwa gasketi, gasketi inakuwa silinda hedi iliyopinda, na wiki inayofuata yuko kwenye benchi la gereji akiuliza kama anunue gari jingine.

Wa tatu ni mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio. Hilux nyingi za zamani tulizonazo, zenye injini za 2L, 3L na 5L, zina mkanda huu wa mpira, na unatakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Hata Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ inao, ingawa madereva wake wanaapa kwamba gari lao halijui kuharibika. Ukikatika ukiwa njiani, valvu zinagongana na pistoni. Kama hujui mkanda wako ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Basi kabla ya kukubali kufungua injini, omba ipimwe kampresheni, yaani nguvu ya mgandamizo kwenye kila silinda. Ni kama daktari kupima damu kabla ya kukupeleka chumba cha upasuaji. Silinda zote zikiwa karibu sawa na ziko vizuri, ugonjwa uko kwingine. Ikithibitika kwamba injini imekwisha kweli, una njia mbili: kuifungua na kuifufua, kazi ambayo mafundi huiita ovahoo, au kununua injini ya mtumba. Ovahoo ikifanywa na fundi makini, kwa spea halisi, unajua kila kilichomo ndani. Injini ya mtumba inaingia gari likatembea ndani ya siku chache, lakini umenunua historia usiyoijua. Ukibadilisha injini, namba yake kwenye kadi ya gari irekebishwe TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Kulikwepa hilo ni kumwandalia shida atakayenunua gari lako, au wewe mwenyewe siku ya kukaguliwa.

Kanuni ya nusu inavyodanganya

Sasa pesa. Kijiweni kuna kanuni inayorudiwa kama aya: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari, uza. Inavutia kwa sababu ni rahisi. Inakosea kwa sababu inalinganisha vitu viwili visivyohusiana. Bei ambayo dalali angekupa leo haina habari na kazi ambayo gari litakufanyia miaka miwili ijayo. Wewe huchagui kati ya kutengeneza na kuuza tu. Ukishauza, bado samaki wanahitaji kubebwa. Unachagua kati ya kutengeneza hili na kununua lile, kwa hiyo hesabu iwe ya kila mwezi wa kazi, kwa pande zote mbili.

Tuchukue mfano. Tarakimu ni za mfano tu, weka zako. Pikapu yako leo, na moshi wake, inauzika milioni 8. Kufungua injini ni milioni 4.5. Kanuni ya nusu inasema uza haraka. Lakini chesisi ni nzima, na fundi unayemwamini anasema ukiitunza utapata miezi 30 ya kazi. Milioni 4.5 kwa miezi 30 ni 150,000 kwa mwezi. Baada ya muda huo gari litauzika milioni 6, umepoteza milioni 2, sawa na kama 67,000 kwa mwezi. Matengenezo madogomadogo pamoja na bima ndogo, tuseme 250,000. Jumla 467,000 kwa mwezi.

Upande wa pili, pikapu ya milioni 38 mpaka inasimama Mtwara na namba yake. Baada ya miaka mitano itauzika milioni 22. Imepoteza milioni 16 kwa miezi 60, kama 267,000 kwa mwezi. Matengenezo 100,000. Bima kubwa 110,000. Jumla 477,000.

Umeona? Shilingi elfu kumi tu zimewatenganisha. Anayekwambia gari la zamani linakula pesa, na anayekwambia gari jipya ni anasa, wote wawili wanaweza kuwa wanakosea kwenye karatasi hiyohiyo.

Kinachoamua ni mambo mawili ambayo hayapo kwenye karatasi ya wengi. La kwanza ni mkopo. Kama sehemu ya zile milioni 38 umekopa, na riba na ada zake zinakuja 250,000 kwa mwezi, gari jipya linapanda hadi 727,000. La pili ni siku za kulala gereji. Pikapu kuukuu ikilala siku tatu kwa mwezi, na siku moja ya kazi inakuachia faida ya 70,000, hiyo ni 210,000 nyingine, jumla yake inakuwa 677,000. Jipya tulihesabie siku moja ya kulala: 547,000 kwa aliyenunua taslimu, 797,000 kwa aliyekopa. Kwa mfano huu, mwenye pesa mkononi abadilishe. Anayetegemea mkopo atengeneze.

Lakini badilisha kitu kimoja. Mtu yuleyule wa mkopo, ila biashara yake siku moja inaacha 150,000. Gari la zamani sasa linamgharimu 917,000, jipya 877,000. Gari ni lilelile, injini ni ileile, jibu limegeuka. Ndiyo maana ushauri wa shemeji wako unaweza kuwa sahihi kabisa kwake na ukawa hasara kwako.

Na hata mwenye pesa taslimu ajiulize pesa hiyo ilikuwa na kazi gani nyingine. Mwenye mikorosho ambaye amenunua pikapu mwezi wa nne kisha akakosa ya salfa ya kupulizia mwezi wa sita ataendesha gari zuri kwenda kuangalia maua yaliyoungua kwa ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho.

Jambo moja halitakiwi kuwemo kwenye hesabu hii hata kidogo: pesa uliyokwisha kuitumia. "Nimeshaweka milioni sita kwenye hili gari, siwezi kuliacha." Nimelisema mimi neno hilo, tena nikiwa nimesimama juu ya chesisi iliyokatika. Milioni sita zile ziko kwa fundi, ziko kwa muuza spea, zimekwisha kuliwa wali. Hazirudi ukitengeneza, wala hazirudi ukiuza. Swali linaanza na shilingi inayofuata kutoka mfukoni.

Bei ya kwenye picha

Anayeamua kubadilisha ajue kwamba bei inayoonekana kwenye matangazo ya magari ya Japani ni mwanzo wa safari. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima. Kisha VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwa ndani yake, yaani kodi juu ya kodi. Gari la milioni 15 likifika bandarini, ushuru ni milioni 3.75, tunapata 18.75, VAT yake ni 3.375, tumefika 22.125. Hapo bado ushuru wa bidhaa pale unapotozwa, nyongeza kwa ajili ya umri wa gari, tozo nyingine, bandari, wakala, usajili, na dereva wa kulileta kusini. TRA wana kikokotoo cha magari ya mtumba kwenye tovuti yao. Kinatumia thamani iliyomo kwenye mfumo wao, ambayo yaweza kupita uliyolipa wewe. Tumia dakika kumi pale kabla ya kutuma dola.

Gari la mkononi, la hapahapa, linakwepa usumbufu huo lakini lina lake. Pikapu yako unajua inaumwa nini. Ya mwenzio unajua rangi tu. Mtu haamki asubuhi akauza pikapu inayomlipa, kwa hiyo uliza kwa nini anauza, na ulale chini yake na nyundo.

Tena usidhani gari jipya zaidi ni rahisi zaidi kulitunza huku kwetu. Hilux za kizazi cha D-4D, yaani zenye injini mpya zaidi za dizeli, zina nguvu na zinakula dizeli kidogo, ila mfumo wake wa mafuta una presha kubwa sana na hautaki dizeli chafu wala yenye maji, ile ya kwenye madumu. Ikisumbua, fundi anahitaji kompyuta ya kupimia, na nozeli zake bei yake inakaa kwenye mazungumzo ya ukoo. Ile 3L ya zamani fundi wa Liwale ataifungua chini ya mkorosho kwa spana na subira. Anayefanya safari za Mtwara na Lindi kwenye lami ana uhuru wa kuchagua. Anayeshinda vijiji vya ndani afikirie nani atalishika gari lake likizima huko.

Upatikanaji wa spea nao uhesabiwe kwa siku. Ya Toyota ya kawaida utaipata Mtwara au Masasi mchana huohuo. Ya gari adimu inaagizwa Dar es Salaam, inapakiwa kwenye basi, na unaisubiri stendi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga, vifurushi hivyo vilikwama pamoja na abiria, na gari zilizokuwa zimeinuliwa kwenye jeki zikabaki juu ya jeki.

Kuhusu wakati: kama umeamua kutengeneza, usisubiri Septemba. Gereji zimejaa, fundi anakimbiza kazi kumi, na bei ya spea haikusubiri wewe. Mbeba korosho wa Newala ana nafasi kuanzia mwezi wa nne, mvua zikiondoka. Wa Lindi na Nachingwea anayebeba ufuta ana shughuli mwezi wa tano hadi wa saba, basi yeye afanye yake kabla au baada. Mbeba samaki hana msimu wa kupumzika. Atafute kipindi cha kusi, bahari ikichafuka na samaki wakiadimika.

Ukiuza, hamisha umiliki TRA siku hizohizo, usimwachie mnunuzi kadi na ahadi. Faini za barabarani zinafuata namba ya gari, na namba hiyo bado ina jina lako.

Yangu haikuuzika kama gari. Nilitaka kuichomelea, fundi akanikatalia kwa heshima, akasema, "Mzee, hapa sina pa kushikia." Tukaivua. Kebini ilinunuliwa, gia boksi ikanunuliwa, difu ikaenda na mtu wa Masasi. Kadi nikaipeleka TRA gari lifutwe. Ile injini niliyoifufua kwa mbwembwe alikuja kuichukua bwana mmoja wa Mtama, ambaye chesisi yake haikuwahi kuonja maji ya samaki na injini yake ilikuwa imenoki. Mpaka leo inabeba ufuta na mbaazi. Tukipishana barabarani ananipigia honi, nami namsikiliza kwanza injini kabla ya kumpungia mkono.